Kombe za Vilindini: Bei si Thamani

Wako watu duniani wanaokusanya kombe za baharini kama vile wengine wanavyokusanya stempu. Hasa huzitafuta zile za vilindini, ambako mwangaza wa jua haufiki. Mimi sipingi ukusanyaji. Ninachopinga ni ile imani kwamba kombe ikiwa adimu na ghali, basi hiyo ndiyo yenye thamani.

Chukueni mfano wa Conus gloriamaris, yaani Utukufu wa Bahari. Wataalamu waliieleza mwaka wa 1777, na kwa karibu miaka 200 zilizojulikana zilikuwa za kuhesabika. Matajiri wa Ulaya waliigombania. Kumbe hazikuwa chache! Mwaka wa 1969 wapiga mbizi waligundua makao yake karibu na Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon. Wakazitoa kwa wingi, na bei ikaporomoka. Sasa nauliza: kombe ilibadilika nini? Rangi ni ile ile, umbo ni lile lile. Kilichokuwa haba ni ujuzi wetu wa bahari.

Basi thamani iko wapi? Kwa maoni yangu, iko katika mambo mawili. La kwanza ni maelezo. Kombe yenye kikaratasi kinachosema ilipatikana wapi, lini, na katika kina cha mita ngapi, humfaa mwanasayansi. Bila hayo ni pambo tu, hata kama iligharimu maelfu.

La pili ni uhai. Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Kombe ni nyumba aliyoijenga mnyama kidogo kidogo, na anayetaka iliyo safi yenye kung'aa mara nyingi humtoa mwenyewe akiwa hai. Hapa kwetu Pwani yuko konokono mkubwa ambaye kombe yake hupulizwa kama baragumu. Yeye hula viti vya pweza vyenye miiba mikali, ambavyo navyo hula matumbawe. Huyo akishauzwa kwa mtalii, nani atayalinda matumbawe? Na matumbawe yakifa, samaki watakaa wapi, na mvuvi atakula nini?

Wengine watasema, "Aah, moja tu!" Haya, hesabuni wanafunzi wote wanaozuru Pwani kila mwaka, kila mmoja na moja yake.

Kwa hivyo jamani, tukienda ziara tusinunue kombe. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka wa 1968, ni marufuku kuzichukua. Hata iliyo tupu ina mwenyewe, kwani wako kaa wanaoishi humo. Tubebe daftari badala ya mfuko. Tuchore, tuandike mahali na tarehe, kisha tuwaulize wazee wavuvi jina la Kiswahili la kila kombe. Majina hayo chama chetu kiyakusanye upesi, maana hayo ndiyo yanayoadimika kweli.

Mwanachama, Kidato cha Tatu