Ziwa Victoria kwenye chupa ya barazani

Siku hizi saluni au mgahawa mpya ukifunguliwa hapa Mwanza, kitu cha kwanza unachokutana nacho mlangoni ni ukuta wa majani ya plastiki. Umebandikwa kwa gundi, na katikati yake pamewekwa taa ya maandishi ya rangi ya waridi. Watu hupiga picha mbele yake. Miezi michache baadaye vumbi limekaa kwenye majani, buibui amejenga nyumba, na hakuna anayefuta, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kitu kisichokua nacho kinahitaji kuogeshwa.

Sina ugomvi na mapambo. Linalonikera ni kununua kijani cha plastiki katika mji ambao kijani cha kweli huja chenyewe bila kualikwa. Kipo kwenye ubavu wa mtungi, upande wa kivulini. Kipo ndani ya dumu jeupe lililosahauliwa juani, chini ya bomba linalovuja, na kwenye karo la kufulia pale watoto wanapoteleza. Tunakisugua kwa brashi na sabuni ya unga hadi kiishe, kisha tunakwenda dukani kununua cha kuiga.

Nilikuwa fundi wa maabara katika shule za sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Tangu nistaafu, barazani kwangu pana rafu ya mbao iliyojaa chupa: mwani wa kijani, sianobakteria, tope la ziwa, na kangaga mmoja aliyejiotea bila idhini yangu. Majirani walidhani nauza dawa. Kijana mmoja wa bodaboda aliegesha pikipiki yake na kuniuliza, "Shikamoo bibi. Hiyo ya zambarau inatibu nini?" Nikamwambia haitibu kitu, lakini akikaa kidogo nitamwonyesha kwa nini maji ya pale mwaloni hugeuka kijani na kunuka. Akakaa, akauliza maswali mazuri kuliko mengi niliyoyasikia darasani, na abiria wake wakamngoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja moja, nami naisema popote ninapopewa nafasi: kila shule iliyo kando ya Ziwa Victoria iwe na chupa za namna hii dirishani, na kila nyumba inayotaka ukuta wa kijani ianze na hizo kabla ya plastiki.

Nianze na ile ya zambarau, maana ndiyo inayovuta watu. Asili yake ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, aliyechunguza bakteria wa tope katika miaka ya 1880. Unachukua chupa ndefu ya plastiki isiyo na rangi na kuikata shingo. Unachota tope jeusi la ukingoni mwa ziwa, unalichanganya na gazeti lililochanwachanwa (hili unalolisoma litafaa, ukishalimaliza), kiini cha yai, na kijiko cha unga wa jipsamu wanaoutumia mafundi wa dari. Mchanganyiko unaujaza hadi karibu na juu, unaongeza maji ya ziwa kidogo, unafunika kwa nailoni na kuiweka mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Kisha unaiacha.

Wiki za mwanzo huoni kitu ila tope na harufu. Baadaye chupa inajipanga yenyewe. Chini kabisa, ambako oksijeni haifiki, panakuwa peusi: bakteria wa huko huvuta salfa kutoka kwenye jipsamu na kutoa gesi ile inayonuka yai viza. Juu yake kidogo hutokea mabaka ya kijani na ya zambarau ya bakteria wanaotumia mwanga pamoja na gesi hiyohiyo. Na juu kabisa, penye mwanga na hewa, unatanda utando wa kijani cha bluu. Hao ndio sianobakteria. Wazee wao, zaidi ya miaka bilioni 2.4 iliyopita, ndio walioanza kuijaza dunia hii oksijeni, wakati mmea wa kwanza wa nchi kavu ulikuwa bado haujafikiriwa. Mwanafunzi aliyekariri neno usanisinuru kwa ajili ya mtihani anaweza kuuona ukifanyika: viputo vidogo vya hewa vinanasa kwenye utando mchana, na usiku havizidi.

Kwa mtu asiyetaka harufu, ipo Nostoc. Mvua ikinyesha, tazama kwenye viwanja vya changarawe na kando ya njia zisizo na nyasi. Utakuta vipande laini vyenye utelezi, kijani cha kukolea, ambavyo jana yake vilikuwa magamba meusi makavu ambayo kila mtu aliyakanyaga. Hiyo pia ni sianobakteria. Vipande vilivyokaushwa na kuhifadhiwa kwa zaidi ya miaka 80 vimewahi kutiwa maji vikaanza kukua tena. Viweke juu ya mchanga na mawe ndani ya chupa ya mayonezi, nyunyizia maji ya mvua, funga kifuniko, na umepata bustani ambayo ukisafiri kwenda kijijini mwezi mzima haikulaumu. Maji ya bomba yalale usiku mmoja kwanza kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue.

Na ukuta? Wenye fedha wamejenga. Mjini Hamburg, Ujerumani, kuna jengo lililomalizika mwaka 2013 ambalo upande wake wa jua umefunikwa kwa vioo 129 vyenye maji na mwani ndani yake. Hewa yenye kaboni dioksidi hupulizwa humo, mwani unakua, unavunwa kutengeneza gesi, na joto la maji hutumika ndani ya jengo. Ni kazi nzuri, na siitaki hapa. Sisi tuna tofali la kuchoma, tuna vyungu, tuna unyevu wa ziwa. Panga matofali kavukavu kivulini, pitisha juu yake mpira wenye vitundu unaodondosha maji ya mvua kutoka kwenye tangi, na mwani utashika hata bila kupandwa. Halafu kangaga watafuata. Usipake maziwa mgando kama wengine wanavyoshauri. Utalisha ukungu tu. Ila usiegemeze ukuta huo kwenye ukuta wa nyumba unayolala, maana unyevu haujui mpaka.

Sasa nifike kwenye chupa mbili, ambazo kwangu zina uzito kuliko mapambo yote hayo. Zijaze maji ya ziwa yaliyopitishwa kwenye kitambaa cheupe, ili vidudu vinavyokula mwani vipungue. Moja iache hivyohivyo. Ya pili itie chembe mbili tatu za DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, zilizosagwa. Ziweke dirisha moja, vifuniko vilegezwe. Baada ya wiki moja au mbili weka ukurasa wa gazeti nyuma ya kila chupa. Kwenye ile ya kwanza utasoma habari. Kwenye ya pili huenda usisome hata kichwa cha habari.

Jaribio hili limewahi kufanywa kwenye ziwa zima. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo linaloitwa 226 kwa pazia la plastiki. Nusu moja ilitiwa kaboni na naitrojeni. Nusu ya pili ikatiwa hivyo hivyo pamoja na fosforasi. Nusu yenye fosforasi ikageuka kijani. Picha iliyopigwa kutoka angani iliwashinda mawakili wa viwanda vya sabuni, kwa sababu mtu hahitaji shahada kuielewa, na ikachangia fosforasi kuondolewa kwenye sabuni za kufulia za Amerika Kaskazini.

Ziwa letu halina pazia. Lakini ni chupa. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribia hicho hurudi angani kwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, pale Jinja. Maji yanapopaa, fosforasi haipandi nayo. Kinachoingia kinabaki kwa miaka mingi. Mwanasayansi wa Uganda, Rose Mugidde, alionyesha mwaka 1993 kwamba mwani wa ziwa hili ulikuwa unazalisha takriban mara mbili ya ilivyopimwa miaka ya 1960. Na aina zenyewe zilikuwa zimebadilika: sianobakteria walikuwa wamechukua nafasi ya diatomu.

Tumezoea kuulaumu Mto Mirongo, unaopita katikati ya jiji ukibeba kila tunachoutupia, na kweli unastahili lawama zake. Lakini utafiti wa Rashid Tamatamah na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, unatuharibia raha ya kunyoosheana vidole: sehemu kubwa ya fosforasi huingia ziwani kwa njia ya hewa. Ni vumbi la mashamba yaliyo wazi na majivu ya moto, yanayoshushwa na mvua. Anayechoma pori mbali na ziwa, na hajawahi kuonja sangara wake, naye anatia DAP kwenye chupa. Hili ndilo ninalotaka mtoto wa kidato cha pili alione kwa macho yake kabla hajaambiwa na mtu wa semina.

Liko pia jambo la afya, nami nalisema kwa ukali. Watu wetu wamefundishwa kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, ndiyo. Lakini baadhi ya sianobakteria, wakiwamo Microcystis wanaotanda ufukweni kwa rangi ya kijani baada ya siku za joto na utulivu, hutengeneza sumu ya ini ambayo haiharibiki kwa kuchemshwa. Moto huvunja seli na kuimwaga sumu ndani ya sufuria. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, maji yenye sumu hii yalitumika kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 wakafa. Utando wa kijani ukionekana, usichote hapo, na mbwa asinywe. Mama anayechota maji alfajiri angelijua hili tangu zamani kama angekutana nalo dirishani mwa darasa.

Kwa sababu hiyo nawajibu hapa wale wanaoniuliza kama chupa zangu si spirulina, ile ya kopo inayouzwa kwa bei ya kuogofya. Si yenyewe. Spirulina hukua kwenye maji ya magadi, na porini ndiyo chakula cha heroe wa maziwa ya Natron na Bogoria. Inayoliwa na watu hulimwa na kupimwa. Cha kwenye chupa ya barazani ni cha kutazamwa. Osha mikono ukishakigusa.

Mwalimu mkuu mmoja niliyempelekea hoja hii aliniambia, kwa upole, kwamba wangesubiri bajeti ya vifaa. Vifaa gani, mwalimu? Chupa tupu ziko nyuma ya duka la shule, tope liko chini ya kilima, na yai moja halihitaji saini ya mhasibu. Hadubini ikipatikana itakuwa heri, maana sianobakteria wanaoitwa Oscillatoria wakiwekwa kwenye kioo huonekana wakijisogeza, na darasa zima huishiwa maneno. Isipopatikana, macho yanatosha kuona kijani na kisicho kijani.

Masharti ni machache. Chupa iliyo wazi ifunikwe kwa kipande cha chandarua, la sivyo utafuga mbu badala ya mwani. Na ukichoka nayo usiimwage kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu yote inaelekea kulekule. Chimba shimo chini ya mpapai, mbali na kisima, umwage humo, ufukie. Mpapai una matumizi na hiyo fosforasi.