Mchele Huu Unaitwaje?

Ndugu zangu wa Otonglo, na ninyi mnaoteremka hapa kila jioni mkitoka mjini, naomba dakika chache kabla hamjanunua gorogoro yenu ya mchele.

Wiki iliyopita nilimuuliza mama mmoja anayeuza nafaka kando ya barabara ya Busia mchele wake unaitwaje. Akacheka. "Nyathiwa, huu ni wa Ahero," akasema, kisha akanionyesha gunia la pili: "na huu ni wa Pakistan." Nikauliza tena: wa Ahero, sawa, lakini mbegu gani? Hakujua, na si kosa lake. Aliyemuuzia hakumwambia, na kinuni mpunga wa mashamba kadhaa hukobolewa pamoja. Lakini maharagwe aliyataja yote kwa majina. Alipofika kwenye Nyota akaongeza, bila kuulizwa, kwamba hayo yana madini ya chuma na yanafaa kina mama wajawazito.

Nilirudi nyumbani nikiwaza: kwa nini maharagwe yana jina na sifa, na mchele una tu mahali ulikotoka?

Mpunga hurithi mengi kuliko urefu wa punje na harufu. Hurithi pia uwezo wa kuvuta madini kutoka udongoni na kuyafikisha kwenye punje. Watafiti wa Marekani waliwahi kupanda huko Texas aina zaidi ya 1,700 za mpunga zilizokusanywa kutoka nchi nyingi, baadhi ya vitalu vikiwa vimejazwa maji na vingine vikiachwa bila kufurikishwa, kisha wakapima madini ndani ya punje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Udongo ulikuwa ule ule na jua lile lile, lakini ukoo mmoja wa mpunga ulipishana sana na mwingine kwa madini uliyobeba. Maji nayo yalikuwa na neno lake: penye maji yaliyotuama, arseniki iliongezeka katika punje; pasipofurika, kadimiamu ndiyo iliyopanda.

Hilo linatuhusu. Mashamba ya Ahero hunyweshwa kwa pampu kutoka mto Nyando, na ya West Kano kutoka ziwani, na mpunga husimama majini kwa wiki nyingi. Katika udongo uliofurika namna hiyo, zinki hushikwa na mizizi huipata kwa taabu. Kwa hiyo mbegu inayostahimili hali hiyo na bado ikafikisha zinki kwenye punje ni mali kwetu, hata kama magunia yake si mengi kuliko ya jirani.

Zinki inafikaje kwenye punje? Ndani ya mmea, chuma na zinki havisafiri peke yavyo. Kuna molekuli ndogo iitwayo nikotianamini inayovishika na kuvibeba katika utomvu, kama boda inavyomchukua abiria Kisian na kumfikisha mlangoni kwake. Mpunga una jeni tatu za kutengeneza nikotianamini, na zikifanya kazi kwa bidii zaidi, abiria wanaofika ni wengi. Jeni nyingine hufungia chuma ndani ya majani kikabaki huko huko. Na kuna mlango mmoja kwenye mizizi unaoingiza manganizi ambayo mmea unaihitaji, lakini mlango huo huo huiruhusu kadimiamu, ambayo huharibu figo za mlaji. Anayetafuta mbegu yenye madini hana budi kupima mema na mabaya kwa pamoja. Ndiyo maana kazi hii inataka maabara, subira na pesa za umma.

Sasa tuseme ukweli kuhusu chuma. Kwenye punje, kingi hukaa katika ngozi ya nje na katika kiinitete. Tukikoboa hadi mchele ung'ae, tunawapa kuku chuma chetu pamoja na pumba, na katika mchele mweupe hubaki kama miligramu 2 tu kwa kilo. Ngozi hiyo hiyo ina asidi ya fitiki, ambayo hushika madini tumboni yasifyonzwe, kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba mchele wa kahawia utamaliza upungufu wa damu. Kwa chuma tutegemee maharagwe, omena na mboga za kienyeji, na chai tuipe muda baada ya chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Malaria nayo inakula damu ya watoto wetu kwenye ufuo huu. Majirani zetu, watafiti wa magonjwa wa KEMRI pale Kisian, wanalijua hilo kuliko sisi.

Zinki ndiyo iliyonifanya niandike. Yenyewe hupenya hadi ndani ya punje, haipotei yote kinuni, na tofauti kati ya mbegu na mbegu ni kubwa kiasi cha mtafiti kuweza kuchagua. Mchele mweupe wa kawaida una kama miligramu 16 kwa kilo. Shabaha ya wanaoboresha mbegu duniani ni 28. Bangladesh ilitoa mpunga wake wa kwanza wa zinki, BRRI dhan62, mwaka 2013, na baadaye ikatoa mingine iliyo bora zaidi. Iliipata kwa kuchanganya mbegu kwa njia ya kawaida, uchavushaji na uteuzi, bila ule ubishi wa GMO tunaoujua.

Na haja ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 ulikuta zaidi ya wanane kati ya kila watoto kumi wa Kenya ambao hawajafikia umri wa kwenda shule wakiwa na upungufu wa zinki. Mama yeyote aliyepeleka mtoto anayehara zahanati anazijua tembe za zinki zinazotolewa pamoja na ORS. Natamani sehemu ya zinki hiyo iwe imefika kwenye sahani kabla mtoto hajaugua.

Afrika Mashariki tumewahi kuweza jambo kama hili. Viazi vya rangi ya chungwa, Kabode na Vita, vilitoka kwa watafiti wa Uganda vikaingia mashambani mwetu, na Mganda Robert Mwanga akawa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Lakini viazi vile vilijitangaza vyenyewe: ukivikata, rangi inakuambia kuna vitamini A. Zinki haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hakuna jicho litakaloitambua kwenye gunia. Sokoni itajulikana kwa jina la mbegu tu, na jina hilo ndilo tunalolipoteza kati ya shamba na kibanda.

Basi nawaomba. Wewe mnunuzi, uliza jina, hata kama muuzaji hajui. Ukiuliza wewe na mimi na jirani, ataanza kumuuliza anayemletea. Wenye vinu, jaribuni kutochanganya mpunga wa mbegu tofauti, na mwacheni anayetaka mchele ambao haujang'arishwa sana aupate. Wakulima wetu wa Kano mnaolima mbegu za IR, ITA, BW na sasa Komboka, mkikutana na watafiti wa kilimo wa KALRO msiishie kuuliza magunia mangapi kwa ekari na siku ngapi hadi kuvuna. Ulizeni pia: zinki kiasi gani, katika maji yetu na udongo wetu mweusi? Na serikali ya kaunti inapotuita kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kilimo, twende tukadai vipimo hivyo vilipiwe na matokeo yatangazwe. KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, hujaribu mbegu mpya kabla hazijaidhinishwa. Madini ya punje yaandikwe karibu na mavuno.

Kuna ombi moja zaidi, kwa wazee. Kama bado kuna Sindano ya zamani au mpunga mwingine ambao nyanya alikuwa akiuhifadhi darini, usiutwange wote. Benki ya jeni ya taifa iko Muguga tangu 1988, na mbegu tuliyoidharau kwa mavuno madogo huenda ikawa na jeni ambayo mtafiti anaitafuta.

Jumamosi nitarudi kwa yule mama. Ameniahidi kwamba akiambiwa jina ataliandika kwenye kipande cha katoni na kukichomeka juu ya gunia. Kalamu ya wino mzito nimeshamnunulia.