Mwiba wa Kisigino Umesingiziwa

Picha ya eksirei haibishiwi. Daktari anaielekeza dirishani penye mwanga, anagusa kwa ncha ya kalamu kijipande kilichochongoka chini ya mfupa wa kisigino, na mgonjwa, ambaye kwa miezi sasa anashuka kitandani akijishikiza ukutani, anamwona adui yake kwa macho. Mfupa umeota! Anatoka pale na swali moja tu: unakatwa lini, na kwa shilingi ngapi?

Imani hiyo imetapakaa sokoni, maofisini na, la kusikitisha zaidi, hata katika baadhi ya vyumba vya madaktari. Kisigino kinauma kwa kuwa mfupa unaichoma nyama, kwa hiyo dawa ni kisu na mengine yote ni kupoteza muda. Inaingia akilini upesi mno. Kasoro yake ni kwamba si kweli.

Mwiba huo ulielezwa kitabibu mwaka 1900 na Mjerumani Plettner, miaka mitano tu baada ya Röntgen kugundua miale ya eksirei. Yaani ulianza kulaumiwa mara tu ulipoanza kuonekana. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo hata madaktari waliodai kuwa unaletwa na kisonono. Ni waume wangapi walirudi nyumbani na habari hiyo, historia haikuandika.

Tangu hapo zimepigwa picha nyingi za watu wasiolalamika lolote, na katika kila kumi, mmoja au hata wawili hukutwa na mwiba uleule. Wanatembea, wanacheza ngoma, wanadandia daladala. Upande wa pili wapo wanaoumwa hadi machozi na mfupa wao haujaota kitu. Kuukata mwiba ili kisigino kitulie ni sawa na kunyoa mvi ili kutibu kichwa kinachouma.

Mara nyingi mwenye maumivu ni ukanda mgumu wa nyuzi unaoanzia chini ya kisigino na kutandaa hadi kwenye vidole, ukiushikilia upinde wa unyayo. Nesi anayesimama zamu nzima juu ya sakafu ya saruji, askari wa barabarani, aliyenenepa kwa haraka, aliyeanza mbio bila maandalizi: ukanda wao unavutwa kuliko unavyoweza kujikarabati. Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza sampuli 50 zilizotolewa wakati wa upasuaji wa miba hiyohiyo. Walikuta nyuzi zilizochakaa.

Nyuzi hizo hujengeka upya zikipewa kazi kidogo kidogo. Nchini Denmark, Michael Rathleff na wenzake waliwagawa wagonjwa 48 makundi mawili. Wamoja walinyoosha unyayo kwa mkono; wengine, kila baada ya siku moja, walisimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo lililokunjwa likiwa chini ya vidole, wakainua kisigino polepole na kukishusha polepole. Baada ya miezi mitatu wa kwenye ngazi walikuwa na nafuu kubwa zaidi, ingawa kufikia mwaka mmoja tofauti ilikuwa imefutika. Kwa jumla, wanane hadi tisa kati ya kila wagonjwa kumi hupata nafuu ndani ya mwaka bila kupasuliwa.

Lakini taulo halina hadhi. Aliyelipa nauli na kupanga foleni tangu alfajiri hataki kuambiwa akafanye mazoezi. Anataka angalau sindano. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, ila inaweza pia kuuchana ukanda wenyewe.

Upasuaji upo, na wapo wanaouhitaji. Ila hata huo haulengi hasa mwiba. Mpasuaji makini hukata sehemu tu ya ukanda, kwa kawaida isiyozidi nusu, au hulegeza msuli wa shavu la mguu. Akizidisha, upinde wa unyayo hulegea na maumivu huhamia ubavuni mwa mguu. Akiugusa vibaya mshipa wa fahamu uliopita jirani, hubaki ganzi. Wanaostahili kufikiriwa ni wale waliofanya mazoezi kwa dhati na kubadili viatu kwa miezi sita hadi 12 bila mafanikio, baada ya kuhakikishiwa kwamba mfupa haujapata ufa na kwamba hakuna ugonjwa wa maungio. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na kiuno kigumu, kwa mfano, hana haja ya kisu bali uchunguzi mwingine kabisa.

Na anayepasuliwa hatoki akikimbia. Hupita wiki kadhaa kabla ya kurudi kwenye kazi ya kusimama, na wengine hubaki na maumivu. Kwa mama anayetembeza ndizi mitaani, wiki hizo zina gharama, nayo haimo katika ile aliyotajiwa kwenye dirisha la malipo.