Watoto wa Mara Wacheze Wapi?

Mwezi Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za ndani barani Afrika, Taifa Stars ilifika robo fainali na kutolewa na Morocco kwa bao 1–0. Sasa macho yameelekezwa kwenye AFCON ya mwaka 2027, itakayoandaliwa tena na nchi hizi tatu, na jijini Arusha unajengwa uwanja mpya kwa ajili yake. Ni habari njema kwa Taifa. Hata hivyo, Mama Kanisa, aliye mlezi wa watoto, ana haki ya kuuliza swali dogo zaidi: mtoto wa Musoma au wa Bunda aliyetazama mechi zile akiwa amebanwa katikati ya watu wazima katika kibanda umiza, alipotoka nje alikuwa na mahali pa kuupiga mpira wake wa soksi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kila siku wastani wa dakika 60 za shughuli zinazofanya moyo uende mbio na jasho litoke. Mkoani kwetu hesabu hiyo haisomwi kwa namna moja. Mtoto wa kijijini Butiama atembeaye kwenda shule, atekaye maji na kuchunga mifugo, huenda akazimaliza dakika hizo kabla jua halijawa kali. Kwa sababu hiyo wapo wasemao kwamba mtoto wa shamba hapungukiwi na kitu. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Ndoo ya maji huimarisha shingo na miguu. Haimpi mtoto nafasi ya kubuni kanuni, kubishania bao, kushindwa, kununa na kupatana tena kabla ya giza kuingia. Na ndoo hiyo, tukiri, mara nyingi huwa kichwani mwa binti wakati kaka yake yuko uwanjani. Mtoto wa mjini naye hutoka darasani akaingia tuisheni, akitoka tuisheni hushika simu ya mzazi. Wa kwanza ana kazi pasipo mchezo. Wa pili amekosa vyote viwili.

Wengine wataonesha kidole ziwani. Ziwa Victoria liko mlangoni mwa Musoma, na hakuna mtoto asiyetamani kuogelea. Lakini maji ya kina kifupi penye konokono ni makao ya kichocho, na mamba hawajatuhama. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda ufukweni peke yake ametimiza wajibu wake, ila akikataza tu bila kumwonesha mahali pengine, mtoto atakwenda kwa siri.

Mahali pengine papo. Parokia na vigango vyetu vingi vina eneo la wazi kando ya kanisa, lenye mwembe au mti mwingine wa kivuli. Ni kweli kwamba eneo hilo lina wagombeaji wengi: kamati ya ujenzi inataka ukumbi, kamati ya uchumi inataka vibanda vya kupangisha, na wapo waamini wanaosema kelele za watoto zinawavurugia sala. Mapato ya parokia si jambo la kudharau. Lakini ukumbi unaweza kusogezwa upande mmoja wa kiwanja ukiwa bado kwenye ramani, na baada ya msingi kuchimbwa hakuna wa kuusogeza. Halmashauri ya parokia inayojadili ramani leo inaamua pia watoto wa miaka thelathini ijayo watakimbia wapi. Kuhusu kelele, nabii Zakaria, alipoionesha Yerusalemu iliyorudishiwa amani, aliwaweka wazee wameketi na mikongojo yao mahali pamoja na wavulana na wasichana wanaocheza njiani. Hakuwatenganisha.

Baba Mtakatifu Leo XIV, katika Misa ya Jubilei ya Wanamichezo tarehe 15 Juni 2025, Sherehe ya Utatu Mtakatifu, alionesha kwamba michezo huwafundisha watu kushirikiana katika jamii yenye upweke, huwarudisha kwenye mguso wa mwili na mazingira halisi katika zama za kidijitali, na huwafundisha kushindwa katika dunia inayowajali washindi tu. Kwetu Mara, somo hili la mwili lina shahidi wa nyumbani. Mwezi Oktoba 1967 Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Tunamkumbuka mara nyingi kwa sala na fikra zake. Ni vema watoto wajue pia kwamba alikuwa na miguu iliyozoea njia.

Serikali nayo imeingiza somo la Sanaa na Michezo katika mtaala mpya wa shule za msingi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024. Somo hilo lisiishie kwenye daftari, na hapo parokia inaweza kusaidia kwa gharama ndogo mno. Baada ya Misa ya Watoto, Shirika la Utoto Mtakatifu lipewe saa moja ya uwanja kila Dominika. Wawepo daima watu wazima wawili wanaoaminika, kwa mfano mama wa WAWATA na kijana wa VIWAWA, ili usalama wa watoto usiachwe kwa bahati. Liwepo dumu la maji safi. Zana ni kamba, mpira wa matambara na chupa tupu ya kujaza mchanga kwa ajili ya rede. Kombolela haihitaji hata hivyo. Na kwa kuwa mpira wa miguu humeza uwanja wote mara unapoanza, nusu saa ya kwanza iwe ya rede na kamba, wasichana wakichagua timu, na wavulana wasubiri kuitwa.