Acha kununua sauti, jifunze kuzitikisa

Wewe unayetengeneza biti chumbani, hebu fungua ile folda ya preseti ulizopakua. Ziko ngapi? Elfu moja? Sasa niambie ni ngapi ambazo unajua kinachoendelea ndani yake.

Halafu kuna ule wimbo wa kila siku mitandaoni, ati biti yako ni kavu kwa sababu unatumia laptopu, na kwamba ungekuwa na sinthesaiza ya analogi ingepata uhai. Usikubali. Uhai wa sauti ni mwendo wake, na mwendo unautia wewe.

Chukua Minimoog, mashine ya 1970 inayoabudiwa hadi leo. Ina oskileta tatu na hazishiki tuni kikamilifu. Zikipata joto zinahama kidogo. Moja ikiwa kwenye 440 Hz na mwenzake 441, utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kila sekunde. Ndio huo unene unaosifiwa. Kwenye kompyuta, nakili oskileta moja, ihamishe karibu senti 4 za tuni (nusu toni ina senti 100), na umefika palepale bila deni la mtu.

Au Juno-106 ya Roland, 1984. Kila noti ina oskileta moja tu, tena inayodhibitiwa kidijitali isihame. Peke yake ni nyembamba. Lakini bonyeza korasi: nakala ya sauti inacheleweshwa kidogo, na uchelewaji wenyewe unatikiswa taratibu. Chumba kizima kinajaa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1967 alikuwa akichezea vibrato kwenye kompyuta. Vibrato unaijua: noti inapanda na kushuka mara tano au sita kwa sekunde, kama mwimbaji wa taarab akivuta neno. Chowning akazidisha kasi. Ukiipeleka mbio vya kutosha, sikio linaacha kuhesabu mitikisiko, linasikia rangi mpya kabisa: kengele, chuma kikigongwa. Yamaha wakachukua leseni ya mbinu hiyo, na 1983 wakatoa DX7.

DX7 ni ya kidijitali mwanzo hadi mwisho. Mbona hakuna anayeiita maiti? Kwa sababu unaweza kuipanga ifuate kidole: ukipiga kwa nguvu, moduleshoni inaongezeka na sauti inang'aa, ukigusa pole, inalainika. Sasa wewe unachora noti kwa kipanya, zote nguvu ileile, kisha unalaumu kompyuta! Kusema kweli, hata enzi zile wengi walishindwa na vile vitufe na kiskrini chake, wakabaki na sauti za kiwandani. Ndiyo maana ile piano yake ya umeme imejaa kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ya 80. Brian Eno alikaa nayo akaielewa, na alijulikana kwa hilo.

Sikatai, filta ya Moog ikisukumwa kupita kiasi ina utamu wake, na mwenye pesa anunue. Ila usisubiri. Programu ya Dexed hailipiwi na inafanya kazi ya DX7. Chagua sauti moja sahili. Kwenye sinthesaiza yoyote yenye filta, elekeza LFO, yaani oskileta ya mwendo wa pole, kwenye filta hiyo, kidogo sana. Ukianza kusikia mtikisiko wenyewe, umezidisha. Na usiifunge kwenye tempo. Ikirudi palepale kila baa, sikio linaizoea upesi, bana. Kisha badilisha nguvu ya noti mojamoja.

Na kama una kibodi ya MIDI, lile gurudumu la moduleshoni linalokusanya vumbi liliwekwa kwa kazi hiihii. Lielekeze kwenye kina cha LFO, urekodi mkono wako ukilisukuma kuanzia ubeti wa kwanza hadi kibwagizo.