Droni imepaa, lakini jicho ni la nani?

Najua nimepotea kidogo. Maandalio ya masomo, mitihani ya majaribio, foleni ya kudurufu "handauti"... si mnaijua hali ya chuo. Leo nimepata upenyo na nina jambo la kuwachokoza, hasa nyie washkaji wa kamera mnaoshinda na tripodi begani.

Hivi mmeona muvi zetu fupi za vijana zinavyoanza siku hizi? Bahari kutoka juu. Daraja la Tanzanite kutoka juu. Paa za mabati kutoka juu. Kinanda kinalia taratibu, jina la muongozaji linapita, halafu ndo tunashuka kumkuta dada analia chumbani, na anachosema hatukisikii kwa sababu ya feni. Dakika nzima tumetazama jiji ambalo halina uhusiano wowote na machozi ya yule dada. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa "ili ionekane ya kimataifa."

Mimi sina ugomvi na droni jamani. Tena jina la "ndege nyuki" nalipenda, maana kweli inavuma kama nyuki aliyechokozwa. Ninachosema ni hiki: kumtazama mtu kutoka juu si jambo dogo, ni aina ya mamlaka. Mtengeneza filamu anayejiita huru, asiye na bosi wala kampuni kubwa nyuma yake, anapaswa kuwa wa kwanza kujiuliza kama lile jicho linaloelea angani ni la nani na linatafuta nini kule.

Turudi nyuma kidogo. Zamani picha za juu zilikuwa za wenye nazo. Mwaka 1948 ilitoka muvi ya Kimarekani inayoitwa They Live by Night, ya kwanza kwa muongozaji Nicholas Ray. Inaanza na gari la watoro likifuatwa kutoka hewani, na picha zile zilipigwa kwa helikopta. Ray alikuwa mgeni kwenye kuongoza, ila nyuma yake kulikuwa na studio kubwa ya kulipa bili. We mwanafunzi wa leo na bumu lako, helikopta utaionea wapi?

Na sisi huku Afrika Mashariki tulipigwa picha kutoka juu kabla hatujajua hata kushika kamera. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, walikuja na kindege kilichopakwa mistari ya pundamilia, wakawa wanahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Michael alifariki Januari 1959 baada ya ndege ile kugongana na tai, na kaburi lake liko Ngorongoro. Filamu yao, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti isife, ilipata Oscar mwaka 1960. Kazi yao kwa wanyama siibezi hata kidogo, na yule kijana aliilipia kwa roho yake. Lakini miaka ileile ndiyo Wamasai walitolewa Serengeti kwa sababu ya hifadhi. Ukiwa juu vile nyumbu wanahesabika vizuri sana. Mama wa Kimasai na boma lake anakuwa nukta tu, na nukta huwezi kuiuliza ina maoni gani.

Ndo maana ilipokuja droni mimi naona ni jambo la kushangilia. Mwaka 2013 kampuni ya DJI ya China ilitoa Phantom, kidude cha kubeba mkononi, na ndani ya miaka michache kitu kilichohitaji rubani na mafuta ya ndege kikawa kinaingia kwenye begi la mgongoni. Kwa mara ya kwanza kijana wa mtaani anaweza kulitazama jiji lake kutoka mahali ambapo walikuwa wanafika matajiri na wanajeshi tu. Hiyo ni nguvu kubwa. Sasa inaniuma kuona tumeipata nguvu hiyo halafu tunaitumia kuiga kadi za watalii!

Mfano ninaoupenda ni wa tamasha la Cannes la mwaka 2019. Tuzo ya Jopo iligawanywa kwa filamu mbili, na zote mbili, kwa bahati tu, zina droni ndani ya hadithi. Zitafuteni.

Ya kwanza ni Les Misérables ya Ladj Ly, jamaa mwenye asili ya Mali aliyekulia Montfermeil, kitongoji cha nje ya Paris. Wale wa fasihi mtakumbuka kwamba Montfermeil imo pia kwenye riwaya ya Victor Hugo yenye jina hilohilo. Ly alianza kushika kamera akiwa kijana, akawa anawarekodi polisi wanapoingia mtaani kwao. Kwenye muvi yake kuna mtoto anaitwa Buzz, mpole, mwenye miwani, ana droni yake. Siku moja droni iko hewani, chini kuna purukushani, askari mmoja anamfyatulia mtoto risasi ya mpira usoni. Droni imeona kila kitu. Kuanzia hapo polisi hawana shughuli nyingine isipokuwa kuisaka memori kadi. Fikiria, askari wazima wanakimbizana na kitoto kwa sababu kina ushahidi mfukoni!

Ya pili ni Bacurau ya Wabrazili wawili, Kleber Mendonça Filho na Juliano Dornelles. Kijiji maskini cha kaskazini mashariki mwa Brazil kinafutika kwenye ramani ya intaneti, halafu mzee mmoja kwenye pikipiki anaona kitu kama kisahani cha viumbe wa angani kinamfuata. Kumbe ni droni. Wenyewe ni wageni waliokuja na bunduki kuwinda watu kama wanyama, kwa starehe tu. Wanakijiji kwao ni vitone kwenye skrini, basi. (Mwisho wake siwaambii, ila wageni wale walikosea kijiji.)

Mnaona sasa? Chombo ni kimoja. Kikiwa mkononi mwa mtoto wa mtaani kinamlinda mnyonge, kikiwa mkononi mwa mwindaji kinamtafutia windo. Na Ly hakumfanya Buzz malaika. Kabla ya tukio lile alikuwa anaitumia droni kuchungulia madirisha ya wasichana wa ghorofani, mpaka wakagundua na kumjia juu. Hilo nimelipenda sana, maana anatuambia kwamba hata mtoto wa uswahilini akishapata jicho la juu, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani kinaweza kuwa ni kuchungulia.

Sasa turudi kwetu, maana mnaweza kusema Cannes ni mbali. Sisi ni kikundi cha watu tisa, tumechangishana kutengeneza muvi ya dakika kumi na tano. Hadithi ni ya mama muuza vitumbua anayeishi bondeni, mvua za masika zinakaribia, na binti yake anataka wahame. Hela iliyopo inatosha kitu kimoja kati ya viwili: kukodi droni na mrushaji wake kwa siku moja, au kukodi maikrofoni nzuri na mtu wa sauti kwa siku zote za kazi. Kikundi kimegawanyika. Muongozaji wetu anasema bila picha za juu hakuna tamasha litakalotuangalia mara mbili. Tunapiga kura Jumamosi.

Nimsikilize kwanza, maana hoja yake si ya kijinga. Watu wanatudharau sisi wa bajeti ndogo, na picha moja safi ya juu inamfanya mtazamaji akae vizuri kwenye kiti. Pia bonde ni hadithi ya ardhi. Ukiwa chini unaona nyumba na tope tu. Ukiwa juu unaona mto unavyojikunja, nyumba ilivyokaa kwenye njia ya maji, na barabara ya kukimbilia ilivyo mbali. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora ramani za mitaa ya Dar inayopata mafuriko, Tandale ikiwemo, na picha za droni zilikuwa sehemu ya kazi ile. Hapo kimo kilikuwa na kazi ya kufanya. Kilisema jambo ambalo mtu aliyesimama chini hawezi kulisema.

Basi mimi nakubali picha moja. Moja! Ile inayotuonyesha nyumba ya mama na mto kwa pamoja, iwekwe pale binti anapomwambia mama yake "tuondoke", ili mtazamaji aelewe kwamba mtoto hadeki. Hizo nyingine za bahari na daraja hapana. Kule kwenye ualimu tunafundishwa kwamba zana ya kufundishia inachaguliwa kwa lengo la somo. Ukibandika chati ya moyo ukutani wakati somo ni mizizi ya mimea, wanafunzi watasema "waoo mwalimu!", na jioni hakuna aliyejifunza mizizi. Droni ni chati tu. Lengo la somo ni nini?

Na picha moja haihitaji siku nzima ya kukodi. Betri ya droni ndogo haikai hewani zaidi ya nusu saa hivi, upepo wa pwani nao una vituko vyake. Anayejua anachokitaka anakipata asubuhi moja kabla jua halijawa kali, na mrushaji akikubali kulipwa kwa masaa, hela nyingi inabaki kwa ajili ya sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye kiza kidogo, lakini maneno yasiyosikika anabonyeza na kwenda zake. Halafu kumbukeni droni yenyewe haituletei sauti yoyote ya maana, ni mapanga tu yanapiga kelele. Kile kilio cha mama lazima kirekodiwe chini, karibu naye.

La mwisho, na hapa ndo kura yangu ilipo. Droni hairushwi kiholela, inasajiliwa na inaombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mlolongo huo kwa kikundi kidogo ni mzigo kweli. Lakini kibali cha serikali hakitoshi. Pale bondeni watu wanaoga kwenye vibanda visivyo na paa. Wanafua, wanasuka, wanagombana uani, wakijua ukuta wa makuti unawasitiri. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha yake na ya maskani yake, na haikusema "isipokuwa akitazamwa kwa juu." Kwa hiyo kabla kitu hakijapaa, twende nyumba kwa nyumba. Tupige hodi, shikamoo mama, sisi ni wanafunzi, kesho saa moja kitapita kidude, kitakaa dakika chache, na tutawaonyesha kilichopigwa. Atakayekataa, tusipite juu ya uwanja wake. Na muvi ikiisha tuirudishe paleple bondeni, tuwashe projekta ukutani, wakazi waione kabla ya jaji yeyote wa tamasha.

Muongozaji wangu akisoma hapa asininunie, ni hoja tu hizi! Nyie wengine semeni: mngekuwa na kura Jumamosi mngeipeleka wapi? Ila ukijibu droni, niambie pia ukishafika kule juu unataka kutuonyesha nini.