Chai ya atemisia haitoshi kutibu malaria

Ndugu msomaji, ukishikwa na homa usikimbilie kuchemsha majani ya atemisia. Nenda kapime damu kwanza.

Sisemi mmea huo hauna kitu. Una artemisinini, kemikali ambayo Tu Youyou wa China na wenzake waliitenga mwaka 1972, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kimelea cha malaria hula himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu na kuacha madini ya chuma. Artemisinini ikikutana na chuma hicho hugeuka kuwa sumu kwa kimelea.

Lakini kemikali hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, na joto kali huiharibu. Tu Youyou mwenyewe alifanikiwa alipoacha kuchemsha, akatumia etha kwa joto dogo. Tena kiasi chake hutofautiana kati ya shamba na shamba. Kikombe chako kina kiasi gani? Hakuna ajuaye.

Hata ikiingia ya kutosha, hutoka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana zahanati hutoa dawa mseto, ALu: artemetha, inayotokana na artemisinini, hupunguza vimelea haraka, lumefantrini hubaki siku kadhaa kumalizia vilivyosalia.

Utaniambia jirani alikunywa chai akapona. Huenda homa yake haikuwa malaria. Au vimelea vilipungua tu, na vitaongezeka tena. Kwa mtoto mdogo, siku mbili za kusubiri zinaweza kugharimu maisha.

Na hasara si ya mgonjwa peke yake. Dozi hafifu huua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Tayari usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai wala majani ya atemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

Najua zahanati huwa mbali, na dawa wakati mwingine huisha. Tuwabane viongozi wetu kwa hilo. Sufuria haitatuondolea tatizo hilo. Ukipewa ALu, meza baada ya chakula chenye mafuta, dozi ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu zitimie. Homa ikishuka siku ya pili, usiweke vidonge kabatini. Maliza dozi.